Mjomba yupi? Barua ya wazi kwa wanaotuletea tamthilia

Kwa wakurugenzi wa vipindi wa vituo vya televisheni, wenye studio za kuingiza sauti, na waandaaji wa tamthilia za hapa nyumbani,

Salaam.

Sisi ni watazamaji wa saa tatu usiku, wale wale ambao sehemu ikiisha tu tumeshajaza makundi ya WhatsApp stika na klipu za kuwacheka wahusika wenu. Mnatujua, na wengine wenu mmeshatufungia akaunti. Ombi letu ni moja: kabla hamjakifuta kichekesho, kisomeni kwanza. Anayeitazama tamthilia kwa jicho moja huku anakuna nazi hatengenezi utani juu yake. Anayetengeneza ni yule aliyerudisha nyuma mara tatu ili ahakikishe kweli mgonjwa amebadilisha kitanda katikati ya sentensi. Huyo anawafanyia ukaguzi bure.

Tuanze na mjomba, maana ndiye anayetuumiza zaidi.

Katika tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, mwanamume mwenye mvi akiingia sebuleni huitwa mjomba, na mwanamke wa rika la mama huitwa shangazi. Kosa hilo halikuanzia Uturuki. Waturuki, kama sisi, hawachanganyi ukoo. Kaka wa baba ni amca, kaka wa mama ni dayı, dada wa baba ni hala, dada wa mama ni teyze. Kwetu hao ni baba mdogo au baba mkubwa, mjomba, shangazi, na mama mdogo au mama mkubwa. Lugha mbili zilizo mbali hivi zimekutana mlango kwa mlango, halafu tafsiri inapitishwa dirishani. Hati ya mazungumzo hufika studio ikiwa imeshageuzwa Kiingereza, na Kiingereza kina neno moja tu kwa wale wanaume wawili na neno moja kwa wale wanawake wawili. Mfasiri hana pa kushika, anaandika mjomba, anasonga mbele.

Sasa hadithi ni ya mirathi. Anayegombea kiwanda ni mdogo wake marehemu, damu ya ukoo ule ule, na ugomvi mzima umesimama hapo. Mtazamaji wa Kiswahili anabaki anauliza: mjomba anadai nini katika mali ya upande wa baba? Si swali la ujinga. Kwa maneno mliyompa, ni swali sahihi kabisa.

Mawifi nao wamepatwa na hayo hayo. Dada wa mume, görümce, ni wifi, na neno hilo kwetu limebeba vita na mapenzi yote ambayo mwandishi wa Kituruki aliyakusudia. Dada wa mke, baldız, ni shemeji. Kiingereza kinawatia wote kapu moja, na kutoka kwenye kapu hilo tunaletewa "dada mkwe", kiumbe ambaye hakuna harusi ya Waswahili aliyowahi kuhudhuria.

Dawa yake ni karatasi moja. Kabla ya sehemu ya kwanza kutafsiriwa, mtu akae achore mti wa ukoo wa wahusika: nani kamzaa nani, nani mkubwa kwa nani, nani kaoa wapi. Pembeni ya kila jozi aandike neno ambalo huyu anamwitia yule. Tamthilia ya wahusika 20 inaenea ukurasa mmoja, na karatasi hiyo inabandikwa ukutani studio hadi msimu uishe, hata mfasiri akibadilishwa. Msambazaji naye aombwe hati ya Kituruki iende sambamba na ya Kiingereza. Hakuna haja ya kuajiri profesa. Ukiyajua maneno kumi ya ukoo (hayo manne, pamoja na abla, dada mkubwa; abi, kaka mkubwa; yenge, mke wa kaka; enişte, mume wa dada; kisha görümce na baldız) utaweza kuyaona kwenye ukurasa na kusahihisha sehemu kubwa ya balaa hili.

Njia hiyo ya kupitia Kiingereza inaharibu kitu kingine ambacho watazamaji wengi hawakijui. Kituruki, kama Kiswahili, hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. Neno lao ni "o" tu, kama yetu ilivyo "yeye". Mhusika akisema kwenye simu kwamba mtu fulani amefika mjini, Mturuki hajui kama ni mwanamume au mwanamke, na mwandishi anautumia ukungu huo kwa makusudi. Mfasiri wa Kiingereza analazimika kuchagua. Wa Kiswahili, akitaka kuwa mwaminifu kwa karatasi aliyopewa, anaandika "yule mwanamke amefika". Siri ya sehemu tatu imemwagika kwa maneno mawili, wakati "amefika" peke yake lingetosha.

Halafu kuna adabu. Mturuki akimkuta mtu kazini humwambia "kolay gelsin". Sisi tuna "pole na kazi", inakaa pale pale kama kifuniko na sufuria. Lakini likipitia Kiingereza linatufikia kama "nakutakia urahisi", na fundi seremala anaitika kwa kutikisa kichwa kana kwamba ameelewa. "Geçmiş olsun" huambiwa mgonjwa au aliyepatwa na msukosuko. Ni "pole" au "ugua pole", wala si "pata nafuu haraka". "Allah'ım" ni "Mola wangu" au "yarabi". Kijana anapoubusu mkono wa mzee na kuupeleka kwenye paji la uso wake, studio huweka "habari yako". Pale panadai shikamoo. Mwili wa mwigizaji umeshainama, ninyi mpeni neno tu. Na jihadharini na merhaba: kwao ni salamu ya mtu na mwenzake, kwetu marahaba ni jibu la mkubwa kwa mdogo. Mfasiri akighafilika, mtumishi anamwitikia tajiri shikamoo ambayo hakuamkiwa. (Hiyo, tukubaliane, mtuachie tuicheke kidogo.)

Midomo sasa. Mara nyingi tunaambiwa Kiswahili ni kirefu mno, ndiyo maana sauti inamalizika baada ya mdomo kufunga. Hesabuni silabi. "Gelmeyecek" ni nne, na "hatakuja" ni nne. "Affet beni" ni nne, na "nisamehe" ni nne. "Seni seviyorum" ni sita. "Nakupenda" ni nne, lakini "nakupenda sana" ni sita, na hakuna mpenzi aliyelalamikia hilo "sana". Lugha zote mbili hupachika viambishi kwenye kitenzi, kwa hiyo sentensi hukaribiana urefu kuliko watu wanavyodhani. Urefu unaotuudhi ni wa ile sentensi ya Kiingereza iliyofasiriwa neno kwa neno, ambayo ina "je, wewe" mwanzoni na "hivi sasa" mwishoni.

Jicho la mtazamaji halifuati kila herufi. Linachokikamata ni pale midomo inapogusana: b, m, p. Hapo ndipo mwandishi wa mazungumzo atumie jasho lake, kwingine aendeshe kwa urefu na pumzi. Na kuna zawadi moja mliyopewa bure mnayoitupa. Baba kwa Kituruki ni "baba". Midomo inagusana mara mbili, sawasawa na yetu. Binti analia "Baba!" karibu na kamera, na studio inamwekea "Mzee!" au "Mpendwa mzazi!". Kwa nini?

Ukiacha maneno, kuna sauti zenyewe. Studio inayoingiza sauti hupaswa kupewa mkanda wa pekee wenye muziki na sauti za mazingira bila mazungumzo: nyayo, milango, vijiko, upepo. Mkanda huo ukikosekana, fundi hukata sauti yote ya asili pale mtu anapozungumza na kuweka sauti mpya, na kila kilichokuwepo nyuma kinakatika nayo. Ndipo tunapoona watu wanaopanda ngazi za marumaru bila kishindo, kama majini. Anayenyamaza anarudishiwa nyayo, anayefungua kinywa anapoteza miguu. Kama mkanda haupo na bajeti haitoshi kutengeneza nyayo upya, angalau rekodini dakika chache za sauti ya ukumbi, ya barabara na ya bustani, mzitandaze chini ya mazungumzo ili ukimya usikatike kwa kisu. Na anayezungumza uwanjani asisikike kama yuko kabatini. Chumba cha kurekodia kikiwa na mwangwi wake, mwangwi huo utamfuata mhusika hadi jangwani.

Upungufu wa waigizaji wa sauti tunauelewa. Mtu mmoja kubeba wahusika wanne si dhambi. Dhambi ni mama mkwe na mjakazi wake kugombana kwa koo moja, katika tukio moja, hadi tusijue nani kampiga nani. Wekeni jedwali lenye safu mbili, sauti na wahusika, na sharti moja: wahusika wawili wa sauti moja wakikutana kwenye tukio, mmoja apewe mtu mwingine. Hilo linajulikana kabla ya kurekodi ukisoma hati hadi mwisho. Kurekodi sehemu ya kwanza kabla hata ya kuifungua ya kumi ndiko kunakowaponza, kwa sababu hao wawili wanakuja kukutana sehemu ya 11, kwenye mazishi.

Kazi nzuri inawezekana, na si ndoto. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Ilipendwa kwa sababu vita vya mkwe na mkwe havihitaji pasipoti, na kwa sababu watu wake walisikika kama watu.

Jambo la kukata sehemu tulieleze kwa haki, maana hapa watazamaji nasi tunalaumu pasipo. Sehemu moja ya tamthilia ya usiku huko Uturuki huzidi saa mbili. Waandishi na waigizaji wao wenyewe waliandamana mwaka 2010 wakipinga urefu huo. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, kwa hiyo sehemu moja yao inakuwa tatu zetu. Mwandishi aliweka kishindo mwisho wa saa ya pili. Kipande cha kwanza na cha pili vinaishia popote, ndiyo sababu sehemu ya Jumanne inamalizika mtu akiwa anakoroga chai, muziki wa kutisha ukipanda juu ya kikombe. Chai ile imechekwa sana. Dawa: mhariri asikate kwa saa. Apewe nafasi ya dakika tatu mbele au nyuma, atafute mlango unaofunguliwa, simu inayoita, sura inayogeuka. Na mkikata, andikeni namba zote mbili, yetu na ya asili. Asiyejua kuwa sehemu yetu ya 60 iko karibu na ya 20 yao huingia mtandaoni kutafuta ya 60 na kukutana na jeneza la mhusika anayempenda.

Ule ukungu kwenye glasi na sigara, kwa wasiojua, mara nyingi hauwekwi na vituo vya hapa. Unatoka huko huko, sheria za utangazaji za Uturuki zinakataza kuonyesha pombe na tumbaku. Hapo tunaomba radhi kwa niaba ya waliowatukana.

Sasa zamu ya tamthilia za nyumbani, ambazo tunazipenda kwa namna ya kumpenda mtoto wa ndugu: ukali mwingi, lakini mtu wa nje asizitukane. Hadithi mnazo, na waigizaji mnao. Kinachowaangusha ni sauti, na sauti huanguka siku ya kupiga picha, si siku ya kuhariri.

Dar es Salaam ina kunguru, bodaboda, mabati na majenereta. Hamwezi kuvizima, lakini mnaweza kuvikabili. Kipaza sauti cha fimbo kisimame kama nusu mita kutoka kinywani, juu kidogo, nje ya fremu. Kikivutwa hadi mita mbili kinaanza kuupenda ukuta kuliko mwigizaji. Kile cha kubana kwenye nguo kisikutane na kitenge kipya chenye wanga wala buibui la satini. Nguo hizo hukwaruza, na mkwaruzo hautoki baadaye. Kibandikeni kwa plasta ya kitambaa juu ya ngozi au kwenye nguo ya ndani ya pamba. Vilele vya sauti viachiwe nafasi, karibu desibeli −12 kwenye mita ya kamera, kwa sababu mwigizaji wetu akifika kwenye kofi anapanda kuliko alivyofanya mazoezi, na sauti iliyopasuka haishoneki. Kila mahali mnapohama, rekodini sekunde 60 za ukimya wa pale pale watu wote wakiwa wamesimama kimya. Hizo ndizo zitakazoziba viraka mhariri akikata kunguru. Friji izimwe. Mafundi wa sauti wana ujanja wao wa zamani: weka funguo za gari ndani ya friji uliyoizima, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha.

Muziki ndio ugonjwa wenyewe. Kinanda kinaanza mke anapofungua bahasha na hakinyamazi mpaka matangazo, kikiwa juu ya maneno ambayo mwandishi alikesha akiyaandika. Miongozo ya kimataifa ya kurahisishia watu maudhui ya mtandaoni inapendekeza sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa desibeli 20 au zaidi. Kwa tamthilia huo ni ukali, hatuwadai zote. Lakini mkimaliza kuchanganya kwenye spika kubwa za studio, sikilizeni tena kwenye simu moja ya kawaida na kwenye televisheni ya inchi 32 ambayo spika zake zinaangalia ukuta. Hapo ndipo tulipo sisi. Msiposikia neno, muziki ushuke.

Hospitali zenu zinahitaji muuguzi mmoja wa kulipwa posho ya siku. Atawaambia kwamba dripu haibandikwi juu ya mkono wa shati. Kanula inaingia mshipani, aghalabu nyuma ya kiganja au kwenye kigasha, plasta inaishikilia, mfuko unaning'inia juu ya mgonjwa, na kile kichupa kidogo chini ya mfuko hujazwa nusu ili matone yaonekane. Kwa picha hakuna haja ya kumchoma mtu, kanula bila sindano chini ya plasta inatosha. Atawaambia pia kwamba mstari mnyoofu kwenye mashine haushtuliwi kwa umeme. Mshtuko ni kwa moyo unaotetemeka ovyo. Moyo uliosimama unagandamizwa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano, na kamwe hamtafanya hivyo kwa mwigizaji aliye hai, tumieni mdoli na pembe ya kamera. Na marehemu asipumue. Mkiona tumbo linapanda, kateni kwenye uso wa anayelia.

Tunajua tukisema hivi tutaambiwa ni sanaa tu, acheni kuchunguza. Lakini sanaa hiyo hiyo ilituomba tulie pale. Tumejitahidi, tumeona shati.

Kuhusu matangazo ya biashara yanayolipuka katikati ya minong'ono: hapa tunaikaribisha na mamlaka ya mawasiliano isome. Ulaya ilishaweka kipimo mwaka 2010, wastani wa −23 LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti) kwa kipindi na kwa tangazo, kikipimwa namna sikio linavyosikia, kilele kisipite desibeli −1. Marekani ilipitisha sheria mwaka huo huo, ikaanza kutumika Desemba 2012, tangazo lisizidi kipindi linachokatiza. Sababu ya kipimo hicho ni kwamba mita ya kawaida hudanganywa: tangazo likibanwa hadi minong'ono na kelele zilingane, kilele chake ni sawa na cha tamthilia lakini wastani wake uko juu mbinguni. Programu za kupimia zipo, nyingine za bure, na faili la sekunde 30 linapimwa kwa muda mfupi kuliko kulitazama. Tunaomba liwe sharti la kupokea tangazo na linalokaguliwa, ili mama aliyelaza mtoto asikae na kidole kwenye rimoti kama askari wa zamu.

Tumefika kwenye klipu na stika, ambako ndiko mnakotugombeza.

Kuicheka skrini kwa sauti hakukuja na intaneti. Kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, kilikuwa na mtu wake. Lufufu alizungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili, peke yake, sauti zote, akifafanua, akitania, akiwapa wahusika akili za mtaani. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao. Stika ya leo ni kibanda kile kile kimeingia mfukoni.

Fahamuni inavyotengenezwa. Stika ya WhatsApp ni mraba wa pikseli 512 kwa 512, isiyozidi kilobaiti 100, na ile inayocheza mwisho wake ni 500. Pakiti moja hubeba kuanzia stika 3 hadi 30. Mtu anasimamisha picha kwenye sura iliyo katikati ya mshtuko, anaikata pembezoni, anaandika maneno matatu, anatuma. Kinachomkwamisha ni mapambo yenu: nembo kona moja, tarehe ya msimu mpya kona nyingine, mkanda wa maandishi unaopita chini, na tangazo la sabuni linaloota ghafla kwenye bega la bibi harusi. Picha za matangazo mnazotoa hazifai, kila mtu amesimama wima anatabasamu, hata muuaji. Toeni baada ya kila sehemu picha kumi safi, zisizo na maandishi, za nyuso zinazofanya kitu: jicho la pembeni, mdomo wazi, mkono kiunoni. Mkipenda tieni nembo ndogo ndani ya umbo lenyewe, shingoni au kifuani, ambako mkasi haufiki. Stika hiyo itawatangaza misibani na vikaoni, ambako tangazo lenu la barabarani haliingii.

Klipu za kusimama zina hesabu yake. Picha ya televisheni ya 1920 kwa 1080 ikikatwa kwa ajili ya simu iliyosimama wima inabaki na upana wa pikseli 607, chini ya theluthi moja. Mkiwaweka wagomvi wawili kwenye ncha mbili za fremu, klipu inaonyesha vazi la maua lililo katikati yao. Hatuwaambii mpige picha kwa ajili ya simu. Tunasema mnapojua kofi linakuja, pigeni na fremu moja ya karibu, itasafiri.

Na kufuta. Mfumo wa YouTube wa kutambua maudhui, Content ID, unawapa njia tatu: kuzuia, kuchuma mapato ya matangazo, au kufuatilia takwimu tu. Wengi wenu mnabonyeza kuzuia kwa kila kitu, au mnapeleka malalamiko ya hakimiliki moja kwa moja, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaifuta chaneli ya mtu. Wakati huo huo mwizi wa kweli, anayepakia sehemu nzima, anajua pa kupita. Anaigeuza picha kama kioo ili wa kushoto awe wa kulia, anaiweka kwenye kisanduku kidogo chenye mandhari ya maua, anainua sauti kidogo hadi mhusika anasikika kama aliyemeza puto. Mtego unampita, unamnasa msichana wa klipu ya sekunde 20 iliyosambaa kuliko kionjo chenu. Pangeni kwa urefu: kipande kisichozidi dakika moja kiachwe au mchume mapato yake, kinachozidi dakika kumi kizuiwe, cha kati kiangaliwe na mtu mwenye macho. Mtu mmoja, saa moja kwa siku.

Vionjo navyo. Mnatuonya tusimwage siri, halafu kionjo cha Alhamisi kinamwonyesha aliyezikwa Jumatano akishuka kwenye teksi.

Kwa upande wetu tunaahidi moja. Yapo matusi yanayotumwa kwa waigizaji wa nafasi za ubaya, hasa wanawake, kana kwamba wao ndio waliotia sumu kwenye juisi. Hayo si utani, na tutayaondoa kwenye makundi yetu bila kusubiri mtuombe.

Hayo ni mengi, na bajeti zenu si za Istanbul. Basi nyayo zisubiri, picha kumi zisubiri, hata chai ya Jumanne tutaimezea. Kesho mchoreeni mfasiri mti wa ukoo, na yule mzee anayegombea kiwanda mumwite baba mdogo.

Wenu,
Watazamaji wa saa tatu usiku